Mwaka wa Nzi na Shaba

Habari ya kifo cha Profesa Kisimba niliipata katika kikundi cha simu cha wanafunzi wake wa zamani, kati ya tangazo la harusi na picha ya mtoto wa mtu, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kumwombea, lilikuwa kutafuta kama Thérèse Ntumba ameandika chochote. Alikuwa ameandika neno moja: «Nitakuja.» Nilikaa na neno hilo siku tatu. Mtu mzima wa miaka arobaini na minane, mwalimu wa chuo, mama wa watoto wawili, nikajikuta nalipindua huku na huku. Anakuja kwa marehemu au anakuja kwangu? Na kwa nini aliandika mahali alipojua nitasoma? Mume wangu aliniona nimeshika simu bila kuitumia, akaniuliza huyo Ntumba ni nani. Nilimjibu kwamba tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja. Ilikuwa kweli, na katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimemwambia zaidi ya hapo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Labo yetu, yaani maabara, ilikuwa chumba kirefu mwisho wa korido, chenye madirisha mawili yasiyofunguka na vumbi jekundu lililorudi kila mchana hata kama umelifuta asubuhi. Kulikuwa na meza mbili, yangu upande wa mlango na ya Ntumba upande wa dirisha, jiko la umeme, frigo kuukuu iliyokuwa ikinguruma, na rafu za chupa ndogo za kioo zilizozibwa kwa pamba. Ndani ya kila chupa walikuwamo nzi wa matunda, wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva. Chakula chao tulikipika wenyewe: unga wa mahindi, sukari, hamira na maji, tukikoroga mpaka kishike, kisha tukakimimina chupani kikiwa bado moto. Harufu yake iliganda kwenye nywele na nguo. Mama mdogo Georgette, niliyekuwa nikikaa kwake Hewa Bora, alinipokea mlangoni jioni moja, akanusa, akaniuliza kama siku hizi chuoni tunafundishwa kutengeneza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi yaliyochacha.

Profesa alikuwa mtu mrefu, mwenye koti moja la kijivu, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na alipenda kutufundisha wakati wa kula. Saa sita mke wake alimtumia sahani iliyofunikwa, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, mara nyingine na bitoyo, samaki wa chumvi, naye akatuita ofisini tunawe mikono tukae naye. Ni kwenye meza hiyo, si darasani, nilipoelewa kazi yetu ilikuwa nini. Alimega tonge, akaliacha mkononi.

«Mu seli ya tumbo ya nzi,» alisema, «kwiko protini moja, tuite mujumbe. Kila siku seli inamutengeneza, na kila siku protini ingine inamushika na kumupeleka auawe. Sasa, Clarisse, juu ya nini seli inajisumbua vile? Kutengeneza na kuua, kutengeneza na kuua?»

Nilisema sijui.

«Juu hatari haiombake ruhusa. Shaba ikiingia mu tumbo, ama joto, ama sumu, hakuna wakati ya kuanza kutafuta mujumbe. Ule mwenye kumushika anaharibika, anamuachilia. Voilà. Mujumbe anaingia mu kiini ya seli, anaamusha jeni za kukinga mwili. Ile njo tunaita njia ya ishara. Na nzi mwenye ameonja shaba kidogo, mujumbe wake iko tayari kazini. Ukimupa shaba mingi, anavumilia.»

«Na nzi mwenye hana mujumbe?» aliuliza Ntumba.

«Ule njo wa kwako,» Profesa akasema, akala lile tonge.

Ndivyo kazi ilivyogawanywa. Mimi nilikuwa na nzi wa kawaida. Kundi moja nililipa shaba kidogo kwenye chakula, jingine chakula kitupu, kisha yote mawili nikayahamishia kwenye shaba kali nihesabu wangapi wamebaki hai. La kwanza lilitakiwa kuvumilia, la pili lilitakiwa kufa. Ntumba alikuwa na nzi waliotumwa kutoka labo moja ya Ulaya, nzi ambao mjumbe wao hafanyi kazi. Kwenye chakula kitupu walitakiwa kuishi vizuri tu; shaba ndiyo ingewamaliza. Na labo hiyo ya Ulaya ilikuwa imetoa nafasi moja ya miaka miwili. Profesa angepeleka jina moja mwisho wa mwaka. Alituambia hivyo sote wawili pamoja, kwa haki, akidhani haki hiyo itatusaidia kuishi kwa amani.

Miezi ya kwanza tuliishi kwa amani. Ntumba alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti nzito, mtoto wa watu wa Kasai waliouza vitambaa sokoni, na alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Aliweza kumwiga Profesa akitafuta miwani iliyo usoni mwake mpaka nikalia kwa kucheka. Alikuwa akiniletea kikanda, kile chakula cha viazi-mwitu na karanga, kilichofungwa kwenye jani, pilipili tele, tukala tumesimama kwenye korido kwa sababu ndani ya labo ilikatazwa. Nayasema haya kwa sababu baadaye niliyafutilia mbali, hata nikafika mahali pa kukumbuka kila kikanda kama chambo.

Mwanzoni mwa kiangazi bomba la jengo letu lilikauka. Mtambo wa kusafisha maji ulikuwa umeharibika tangu kabla hatujafika, kwa hiyo tulikuwa tukichemsha maji ya bomba, na sasa hata hayo hayakuwepo. Nikajitolea. Uani kwa mama mdogo kulikuwa na kisima ambacho mtaa mzima ulichota. Kila Jumatatu nilipanda basi na bidoni mbili za njano, madumu yaliyojaa maji, na Profesa akanisifu mbele ya watu: «Muone Clarisse, bila yeye nzi zingekufa njaa.» Ntumba naye alipiga makofi. Tulipika chakula cha nzi wote, wangu na wake, kwa maji hayo.

Mwezi wa nane nzi wangu walikataa kufa. Nasema wale wa chakula kitupu, wale ambao hawakuonja shaba kamwe. Niliwaweka kwenye shaba kali, nikarudi siku ya tatu, nikawakuta wanapanda kioo kama watu walioalikwa. Nikarudia. Nikarudia tena. Kila mara walivumilia sawa na wenzao, na kazi yangu yote ikawa haina maana, maana kama makundi yote mawili yanavumilia, umeonyesha nini? Kuna aina ya hofu inayokuja polepole kwa mtu anayehesabu kila siku. Nilihesabu nzi, nikahesabu lebo, kisha nikaanza kumhesabu Ntumba. Alikuwa anafika kabla yangu. Alikuwa na ufunguo. Alikuwa ameacha kuacha daftari lake wazi. Nikiingia, analifunga taratibu, mkono juu ya jalada, kama mtu anayefunika sufuria. Kikanda kilikoma. Akaanza kula chakula chake mwenyewe, peke yake, nje kwenye ngazi. Siku moja nilisimama nyuma ya mlango nikamsikia akiongea kwa simu na mama yake kwa Kiluba cha Kasai. Sikuelewa neno, isipokuwa jina langu, na lilitajwa mara mbili.

Nilimweleza mama mdogo tulipokuwa tunachambua mboga ya lengalenga. Hakushangaa hata kidogo.

«Bale bantu ya Kasai,» alisema, «banakuchekea mbele. Miye nilikuambia, usimuachie funguo. Anabadirisha machupa yako, njo vile. Anataka ile nafasi.»

«Mama, haina vile, Ntumba hana roho ya vile.»

«Basi nzi zako ziko zinajifufua zenyewe?»

Nilipaswa kukataa maneno hayo kwa sauti kubwa, maana nilikuwa nimesoma, nilijua yalikotoka na yalichokwisha kufanya katika mji wetu, watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa majumbani mwao. Sikuyakataa. Niliendelea kung'oa majani kwenye shina, na nilipoyamaliza nilikuwa nimeshaamua. Kesho yake nilinunua rangi ya kucha, nyekundu, nikatia doa dogo pale pamba inapogusana na kioo, kwenye chupa zangu zote. Anayefungua atalipasua doa.

Siku ya nne madoa matatu yalikuwa yamepasuka.

Nikaenda kwa Profesa nimebeba chupa tatu kwenye sinia, kama mtu anayepeleka chai. Alimwita Ntumba. Nakumbuka alikuja na mikono yake bado ina unga.

«Ulifungua machupa ya Clarisse?» Profesa aliuliza.

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya kukana kwake.

«Nilifungua,» alisema.

«Juu ya nini?»

«Nilitaka kuona kile anakulisha nzi. Nilikamata kachakula kidogo tu, nikapima na ya kwangu. Prof, nzi zangu ziko zinakufa. Zinakufa mu chakula kitupu, bila shaba! Mwezi mbili sasa. Kitu kiko kinaingia mu hii labo.»

«Anatafuta njia ya kutokea,» nilisema. Sauti yangu ilikuwa tulivu na niliipenda. «Nzi zake kufa haihusu machupa yangu kufunguliwa.»

Profesa aliangalia madoa, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Alikuwa mtu wa sheria ndogondogo, na kufungua chupa ya mwenzako bila ruhusa lilikuwa kosa ambalo lilionekana kwa macho. Alimwomba ufunguo. Ntumba aliuweka mezani, akafuta unga kwenye sketi yake, na mlangoni akageuka.

«Uliza ule muntu, Prof. Uliza iko analeta nini mu labo.»

Nililichukua kama tusi. Nililala vizuri usiku ule, na hilo ni jambo ambalo sijawahi kulieleza kwa mtu.

Mvua za kwanza zilipokuja, bomba lilirudi. Nilifurahi kupumzika na bidoni. Nilipika chakula kipya, nikalea kizazi kipya cha nzi juu yake, na walipokomaa nikawaweka wale wa chakula kitupu kwenye shaba kali. Siku ya tatu ilikuwa Jumanne, siku ya mbili kama tunavyosema kwetu. Nilifungua mlango nikaona chupa zimetulia. Wote walikuwa chini, miguu juu, kama kitabu kilivyosema. Ungedhani ningeshangilia, Ntumba hayupo na nzi wanakufa inavyotakiwa. Kwa dakika chache nilishangilia kweli. Kisha nikaiona bidoni ya njano iliyobaki kwenye kona, robo yake ina maji bado.

Niliyachemsha maji hayo kwenye sufuria mpaka yakabaki kiasi cha kikombe cha kahawa, nikayahamishia kwenye kikombe cha kioo, nikayachemsha tena mpaka yakafunika kitako tu. Nikafanya vivyo hivyo kwa maji ya bomba. Kisha nikadondosha amonia, kama tulivyofundishwa mwaka wa kwanza. Maji ya bomba hayakubadilika. Maji ya kisima yalipata rangi ya buluu, nyepesi, nzuri. Shaba. Iliingiaje kisimani sikujua na sijui mpaka leo. Nilipomwambia mama mdogo, alisema wameyanywa miaka yote na mbona hawajafa, akaniangalia kana kwamba nimetumwa na mtu kumfungia kisima. Ilichukua mwezi mzima kumshawishi.

Lakini siku ile sikumfikiria mama mdogo. Nilifungua droo ya Ntumba. Daftari lake lilikuwamo, hakupewa nafasi ya kulichukua. Nilisoma nimesimama. Nzi wake, wasio na mjumbe, walikuwa wameanza kufa kwenye chakula kitupu juma lile lile nilipoleta bidoni za kwanza. Wangu walipata shaba kidogo kila siku bila mimi kujua, mjumbe wao akaamka, wakawa tayari kwa shaba kali. Wake walipata shaba ile ile na hawakuwa na wa kuwaamsha. Maji yaliyowapa wangu nguvu ndiyo yaliyowaua wa kwake. Tungeweka madaftari mawili kando kando kwa robo saa tungeliona. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameandika herufi moja na alama ya kuuliza: C? Nilipindua. Kurasa tisa, C? kwenye kila moja. Wakati mimi napaka madoa yangu, yeye alikuwa anaandika herufi yangu.

Barua ya kupeleka jina ilikuwa iende Ijumaa. Ofisi ya Profesa ilikuwa hatua kumi na tano kutoka droo ile. Nilijiambia lazima nirudie kipimo cha amonia kwanza, maana mtu wa sayansi harukii neno. Jumatano sikurudia. Alhamisi niliosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Ijumaa adhuhuri Profesa aliniita kula, samaki siku hiyo, akaniambia barua imekwenda na jina langu, na mke wake ametuma salamu za pongezi. Nilikula. Nakumbuka niliomba chumvi.

Jumatatu ndipo nikamwambia. Nilimwekea vikombe viwili mezani, cha buluu na kisicho na rangi, na madaftari yote mawili. Alisoma muda mrefu. Alivua miwani, akaivaa.

«Umejua lini?»

«Jana,» nilisema.

Aliniangalia, kisha akaangalia kalenda iliyokuwa ukutani. Baadaye aliniambia barua haiwezi kurudishwa, lakini angemwomba Ntumba msamaha na kumrudishia kazi. Alituma ujumbe mara mbili. Ntumba hakuja. Alikuja kaka yake, mtu mpole mwenye kofia mkononi, akachukua daftari na koti lake, na hakutaka kuketi. Mimi nikaenda Ulaya. Miaka miwili niliyokaa kule niliifanyia kazi bidoni zile mbili: jinsi nzi aliyelelewa kwenye shaba kidogo anavyokuwa tayari, na jinsi yule asiye na mjumbe anavyoshindwa. Ndiyo ilinipa digrii, na digrii ikanipa ofisi niliyo nayo. Kwenye ukurasa wa shukrani niliwataja watu kumi na mmoja. Ntumba hakuwamo.

Kilio kilikuwa nyumbani kwa marehemu, Karavia, chini ya turubai, viti vya plastiki vya buluu na kwaya ya parokia imekaa kivulini. Nilimwona kabla hajaniona, au nilidhani hivyo. Alikuwa amenenepa, nywele zina mvi mbele, miwani kifuani kwa uzi. Mtu mmoja alikuwa amenieleza kwamba anafundisha biolojia shule ya sekondari Kampemba, na kwamba wanafunzi wake wanampenda kwa kuwaiga walimu wengine. Nilichagua kiti cha mbali. Chakula kilipogawiwa alikuja na sahani yake moja kwa moja, akakaa karibu yangu, akaniuliza habari za watoto. Nilimjibu kwa uangalifu. Alijuaje nina watoto? Alisema pole ya Profesa, nikasema pole na kwako. Tukala bukari. Kwa miaka ishirini na minne nilikuwa nimetayarisha jibu la swali moja tu, kama nilitia shaba kwa makusudi, na jibu lilikuwa safi, hapana, naapa. Nililishika tayari mdomoni.

«Clarisse,» alisema, bila kuinua macho. «Ile maji. Ulijua siku gani?»

 Kwa swali hilo nilikuwa na jibu moja la zamani, neno dogo, na nililisikia likija.

«Siku ya mbili,» nilisema.

«Na ulimuambia Prof siku gani?»

«Siku ya kwanza, juma yenye ilifuata.»

«Barua ilienda siku ya tano.»

«Ndiyo.»

«Ulijua itaenda siku ya tano.»

«Nilijua, Ntumba.»

Aliweka sahani kwenye magoti. Kwaya ilianza wimbo, ikasita, mtu akatoa sauti upya.

«Prof alikuja kwetu mwaka jana, mbele ya ugonjwa kumuangusha,» alisema. «Alikaa mu salon ya mama yangu, akaniomba pardon. Akasema ulimuambia ulijua jana yake. Nikamuuliza: Prof, jana yake ilikuwa siku ya Mungu. Labo ilikuwa inafungwa siku ya Mungu, na funguo ilikuwa kwako. Alijulia wapi? Akatoa miwani, akaivaa tena. Njo nikaona naye alijua kama ulidanganya, tangu ile siku. Sasa miye nikawaza, muntu mwenye anadanganya juu ya siku, anaficha nini nyuma yake? Miaka yote nilikuwa najua ulitia ile shaba na mukono yako. Nilikuwa najua kabisa.»

«Na sasa?»

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalinipima kama zamani alivyokuwa akipima unga, bila haraka.

«Kama ungesema tena “jana”, ningetoka hapa na ile kitu mu roho mpaka kufa kwangu. Sasa naamini haukutia.» Akafuta vidole. «Lakini siku sita, Clarisse. Siku sita iko mingi.»

Nilisema ndiyo, ni nyingi. Nilisema pia kwamba jina lake lilipaswa kuwa kwenye kazi yangu, kwamba nusu ilikuwa yake. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari asiyoihitaji tena. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba. Aliinuka, akaacha sahani yake kwenye kiti, akatembea kati ya watu mpaka kwa mjane. Aliinama, akashika mikono yake miwili, akamwambia maneno marefu karibu na sikio. Mjane akageuza uso kuelekea upande wangu. Tayari nilikuwa nimeanza kujiuliza anamwambia nini, kama ananitaja, kama ametaja siku sita. Kisha nikajisikia nikijiuliza. Niliinuka, nikachukua sahani zote mbili, nikazipeleka nyuma ambako wanawake walikuwa wanaosha vyombo, nikaomba wanipishe nafasi kwenye beseni.